Babu Ametuachia Maua



Mzee anapofariki dunia akiwa na miaka themanini au tisini, waombolezaji husema maneno yale yale. "Ameshiba siku." "Ametuachia uzao." "Tushukuru kwa maisha yake." Ni maneno mema, tena husemwa kwa nia njema. Lakini ndani ya nyumba ya mume na mke maneno hayo yaweza kugeuka mwiba. Yule aliyelelewa na mzee huyo anarudi kutoka mazishini akiwa bado na kilio kifuani, naye mwenzake amekwisha kuifunga habari: mzee alikuwa mzee, sasa amepumzika, kesho ni siku ya kazi. Hapo ndipo ufa mdogo huanza ukutani, na wahenga walituonya kuhusu nyufa zisizozibwa.

Katika somo hili tutaongea juu ya msiba wa namna hiyo, yaani kuondokewa na babu uliyempenda sana. Ili tusiseme mambo ya hewani, tutamchukua babu wa aina moja: yule aliyetumia maisha yake kuotesha maua yanayoitwa okidi. Labda babu yako hakuwa na okidi. Labda alikuwa na mizinga ya nyuki, au ng'ombe, au migomba, au cherehani chini ya mwembe. Soma tu. Utaona kwamba mambo ni yale yale.

Tuseme basi kuna mke mmoja ambaye utotoni alipelekwa kukaa na babu na nyanya yake karibu na Limuru, kwa kuwa mama yake alikuwa akifanya kazi mbali. Babu huyo alikuwa mtunza bustani kwa miaka mingi. Alipoacha kazi alirudi kwake na shauku moja tu. Nyuma ya nyumba alijenga kibanda cha fito na neti ya kivuli, akatundika humo makopo na vipande vya magogo vyenye okidi. Mtoto yule ndiye aliyembebea maji kila asubuhi. Sasa ni mama wa watoto wawili, ameolewa Nakuru, na babu amefariki. Baada ya matanga anarudi nyumbani na sanduku la mbao lenye mimea kumi na miwili. Mumewe anachungulia. Anaona majani machache magumu, mizizi inayoning'inia kama kamba, wala hakuna ua hata moja. Anauliza: "Sasa takataka hizi tutaziweka wapi?"

Mume huyu si mtu mbaya. Amechoka, amegharimika kwa safari na mchango wa mazishi, na nyumba ni ya vyumba viwili. Lakini neno moja limekwisha kutoka, na mkewe amenyamaza. Akinyamaza hivyo kwa wiki mbili, jambo hili halitakuwa tena juu ya mimea. Tufanye nini?

1. Ijue kwanza kazi aliyoipenda marehemu

Huwezi kuheshimu kilio cha mwenzio kama hujui anachokililia. Kwa hiyo, ewe mume wa mfano wetu, kaa chini umwulize mkeo: "Hebu nieleze, babu alikuwa anafanya nini hasa na maua haya?" Nasi tumsaidie kidogo kujibu.

Okidi ni jamaa kubwa mno ya mimea. Duniani kote zipo aina zaidi ya 25,000, na katika Kenya peke yake zimeandikwa aina zaidi ya 250. Nyingine huota ardhini katika nyika na mabonde yenye majimaji. Nyingine huota juu ya miti. Huko pwani ipo moja inayoshika miamba ya matumbawe, nayo wataalamu wameipa jina linalotokana na Wagiriama. Ipo pia okidi ya chui, yenye maua ya manjano na madoa ya kahawia, ambayo mizizi yake husimama wima kama kikapu na kudaka majani makavu yaangukayo. Katika misitu ya nyanda za juu ipo ile nyeupe ambayo kila ua lake lina mkia mwembamba wenye urefu wa zaidi ya sentimita 10, na asali imefichwa ndani ya mkia huo. Mchana haina harufu ya maana. Jua likitua hunukia vizuri sana, kwa sababu mgeni inayemngojea ni nondo, yule kipepeo wa usiku mwenye ulimi mrefu. Ndiyo maana mzee aliyeotesha okidi za namna hii alionekana akitoka nje gizani bila taa. Hakuwa amerukwa na akili. Alikwenda kunusa maua yake.

Watu wengi hudhani okidi inayokaa juu ya mti inaunyonya mti huo kama kupe. Sivyo. Inauegemea tu. Maji huyapata kwa mvua na umande, na chakula katika vumbi na majani yanayooza karibu na mizizi yake. Mizizi imevikwa ngozi nyeupe iliyo kama sifongo. Ikipata maji hugeuka kijani, ikikauka hurudi kuwa nyeupe. Kumbe mtu aweza kumwegemea mwenzake miaka mingi bila kumnyonya. Hilo pekee latosha kuwa somo la ndoa.

Lakini jambo ambalo mume anapaswa kulijua kuliko yote ni muda. Mbegu za okidi ni ndogo kama vumbi. Tumba moja laweza kubeba maelfu, na katika aina nyingine hata milioni. Hata hivyo, mbegu hizo hazina akiba ya chakula kama lilivyo punje la hindi. Porini mbegu haiwezi kuchipua mpaka ikutane na kuvu fulani ya kuilisha, na nyingi mno hufa kabla ya kukutana nayo. Siri hiyo ilifumbuliwa mwaka 1899 na Mfaransa Noël Bernard. Mwaka 1922 Lewis Knudson wa Marekani alionyesha kwamba mbegu zaweza kuoteshwa ndani ya chupa safi, juu ya chakula chenye sukari, bila kuvu. Hata kwa njia hiyo, aina nyingi huchukua miaka minne hadi saba tangu mbegu mpaka ua la kwanza.

Fikiri basi. Mzee mwenye miaka sabini anagawa mmea, au anapokea mche mdogo usiozidi ukucha, naye anajua kwamba huenda hatauona ukitoa ua. Anauotesha hata hivyo. Kwa ajili ya nani? Yule mtoto aliyembebea maji anajua jibu, na ndiyo sababu analia. Mimea kumi na miwili iliyo sandukuni si mali iliyosalia tu. Ni miaka ya subira ya mtu mmoja, na ndani ya miaka hiyo umo utoto wa mkeo.

2. Usiupime msiba kwa umri wa marehemu

Kuna desturi ya kupanga misiba kwa ngazi. Kufiwa na mtoto ni juu kabisa, halafu mwenzi wa ndoa, halafu mzazi, na babu yuko chini. Makazini pia ruhusa ya kwenda kumzika babu si rahisi kuipata kama ile ya kumzika baba. Lakini moyo haufuati orodha ya ofisi. Kama babu ndiye aliyekulea, ndiye aliyekulipia karo ya darasa la kwanza, ndiye aliyekuchukua mgongoni ulipougua malaria, basi umefiwa na mzazi, hata kama karatasi inasema "babu".

Kwa hiyo wewe ambaye hukufiwa, zingatia haya.

Usimharakishe mwenzio. Maneno kama "mbona bado unalia?" au "hata mimi babu yangu alikufa" hayaponyi. Mwulize badala yake, "Leo umemkumbuka kwa nini?" kisha nyamaza usikie. Kusikiliza hakuhitaji pesa.

Usione wivu kwa marehemu. Hili husemwa kwa nadra, lakini lipo. Mume anaposikia kila siku "babu alikuwa mpole, babu hakupaza sauti, babu alijua kila ua kwa jina," huanza kuhisi anapimwa na kuonekana mwepesi. Akihisi hivyo hujitetea kwa kuikejeli mimea. Mume mwenzangu, hupimwi. Mkeo anamwaga moyo wake mahali ambapo anaamini hautakanyagwa. Ukisikiliza mpaka mwisho, utakuwa umeshika nafasi ambayo hakuna marehemu awezaye kuishika.

Nawe uliyefiwa una wajibu wako. Usimfanye mwenzio akisie. Mwambie wazi, "Nyumba hii inaniwia nzito siku hizi, nisaidie watoto jioni." Wala usimtumie babu kama fimbo. Ukisema "babu asingefanya hivi" kila mumeo anapokosea, utamfanya amchukie mtu ambaye angeweza kumpenda. Na usihamie kwenye kibanda cha maua. Kama saa zote za jioni zinapotelea kwenye makopo, na mwenzio anakula peke yake, basi umeanza kumwomboleza aliyekufa kwa kumwacha aliye hai.

3. Mkumbuke mzima, si nusu

Tunaposimama kaburini tunamsifu marehemu, na ni haki. Lakini kumbukumbu inayojenga familia ni ile yenye ukweli. Mtu aliyetoa maisha yake kwa jambo moja, kwa kawaida kuna jambo jingine alilolinyima. Kwa hiyo mwulize nyanya, kama yu hai. Mwulize kwa heshima, jioni, mkiwa jikoni wawili: "Nyanya, maua haya yalikuwaje kwako?"

Huenda akacheka na kukuambia kwamba alikwenda shambani peke yake wakati mzee akifuta majani kwa kitambaa kibichi. Huenda akakuambia kwamba pesa za mbuzi ziliishia kwenye neti na vyungu. Huenda pia akakueleza jambo ambalo hukulijua: kwamba kila okidi ilipochanua mara ya kwanza, mzee aliuleta mmea mzima mezani usiku ili yeye, nyanya, awe wa kwanza kuunusa. Ndoa za wazee wetu zilikuwa na mambo hayo yote pamoja, uchungu na utamu katika bakuli moja. Ukisikia uchungu usimkane babu yako. Ukisikia utamu usisahau nani alibeba kuni.

Kutokana na hayo, mume na mke wajiulize mambo matatu kuhusu kila shauku iliyomo nyumbani mwao, iwe maua, mpira, kwaya, biashara ndogo, au siasa za mtaani.

Kwanza, muda. Je, mwenzangu anajua ni saa ngapi natumia huko, na tumekubaliana?

Pili, pesa. Je, natoa katika kile kilichobaki baada ya karo na chakula, au natoa kabla?

Tatu, mlango. Je, mwenzangu anaweza kuingia humo akipenda? Babu aliyemruhusu mtoto wa miaka mitano kushika kopo la maji alikuwa ameacha mlango wazi. Shauku yenye mlango wazi hujenga nyumba. Ile yenye kufuli huibomoa polepole.

4. Mimea hii ni ya nani?

Mara baada ya matanga huja mambo ya mgao. Shamba, ng'ombe na nyumba vina wadai wengi. Okidi hazina mdai mpaka mtu mmoja azichukue, ndipo wote hukumbuka kwamba walizipenda. Basi fuateni utaratibu.

Nyanya aulizwe kwanza, kabla ya mtu yeyote kugusa kitu. Kama anataka kibanda kibaki kilivyo hadi siku zake, kibaki. Kumnyang'anya mjane maua ya mumewe kwa kisingizio cha kuyatunza ni ukatili, hata ukifanywa na mjukuu mpendwa.

Pili, semeni na wajomba na baba wadogo mapema juu ya miti. Okidi nyingine hazimo katika makopo. Zimefungwa juu ya miti ya boma tangu zamani. Shamba likigawanywa, mtu aweza kukata mti kwa ajili ya mkaa au mbao bila kujua kwamba ameangusha kazi ya miaka thelathini. Mwenye kupata sehemu hiyo aonyeshwe mti, na aombwe kwa upole aubakize. Akikataa, mpewe nafasi ya kuihamisha mimea kabla ya shoka kufika.

Tatu, faida ya okidi ni kwamba hugawanyika. Aina nyingi hutoa mashina manene yanayofuatana, kila moja likihifadhi maji. Kichaka kikiwa kikubwa hukatwa mafungu, na kila fungu likibaki na mashina matatu au zaidi huweza kuendelea. Kwa hiyo mmea mmoja wa babu unaweza kukaa kwa shangazi Kisumu, kwa mjomba Nyeri na kwako Nakuru, nao ni ule ule. Shamba halina bahati hiyo. Kila likigawanywa hupungua.

Nne, fuateni sheria. Okidi zote za dunia zimo katika mkataba wa CITES, uliotiwa saini Washington mwaka 1973 na kuanza kutumika mwaka 1975. Kama dada yako anaishi ng'ambo na anataka mmea wa babu, asiufiche ndani ya sanduku la nguo. Ni lazima apate kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, na cheti cha afya ya mmea kutoka KEPHIS, kisha afuate masharti ya nchi anakokwenda. Wala msiende msituni kung'oa okidi za porini ili kujaza mapengo ya kibanda cha babu. Sheria haipendi, na msitu umekwisha kupoteza vya kutosha. Majirani zetu wa Tanzania waliliona hilo katika uwanda wa Kitulo, unaoitwa na wenyeji Bustani ya Mungu. Huko viazi vya okidi za ardhini vilichimbwa kwa wingi na kuuzwa Zambia kama chakula, na mwaka 2005 uwanda ule ukafanywa Hifadhi ya Taifa.

5. Namna ya kuitunza isife mikononi mwenu

Huzuni huongezeka mimea ya marehemu inapokufa moja baada ya nyingine. Mjukuu hujilaumu kana kwamba babu amekufa mara ya pili. Hapa yafaa mume na mke wajifunze pamoja, maana mambo si magumu.

Kwanza, msiwe na haraka ya kubadilisha. Kwa miezi michache ya mwanzo acheni kila mmea katika chombo chake na udongo wake, ambao kwa kweli si udongo. Okidi za mtini hukaa katika vipande vya maganda ya mti, mkaa na makumbi ya nazi. Mkiziweka katika udongo wa mahindi zitakosa hewa na kuoza mizizi.

Maji mengi huua okidi nyingi kuliko kiu. Tazameni mizizi: ikiwa ya kijani, ngojeni, ikiwa myeupe, mwagilieni. Afadhali asubuhi, ili majani yakauke kabla ya usiku. Maji ya mvua ndiyo bora. Ya kisima yenye chumvi nyingi huchoma mizizi.

Mwanga uwe wa kutosha lakini si jua kali la mchana. Baraza inayopata jua la asubuhi ni mahali pazuri. Jani likiwa la kijani kibichi kilichoiva sana, mmea una giza mno. Likigeuka la manjano na madoa ya kuungua, jua limezidi.

Kumbukeni pia hali ya hewa ya asili. Okidi iliyozoea baridi ya Limuru huteseka ikipelekwa Mombasa, na ile ya pwani hutetemeka Limuru. Mgawieni kila mtu ile itakayoishi kwake, si ile nzuri tu.

Mnapokata au kugawanya, pitisheni kisu kwenye moto kati ya mmea na mmea, kwa kuwa magonjwa husafiri kwa kisu.

Mwisho, hifadhini majina. Wazee wengi huandika jina la ua na mwaka juu ya kipande cha bati au cha plastiki na kukifunga kwenye kopo. Kipande hicho kikipotea, habari imepotea. Nunueni daftari la shule, muandike kila mmea: jina, ulitoka wapi, babu aliupata mwaka gani, huchanua mwezi gani. Mambo mengi yamo kichwani mwa nyanya. Andikeni sasa, msingoje mwaka ujao.

6. Wapeni watoto kopo la maji

Watoto wa mfano wetu walimwona babu wa mama yao labda kila Krismasi. Hawamlilii kama mama anavyomlilia, na si haki kuwalazimisha. Lakini wanaweza kupewa kazi. Mpe mmoja mmea mmoja uwe wake. Akiuliza kwa nini una majani tu, mwambie ukweli: "Huu uliwekwa na babu. Hatujui utachanua lini. Tunausubiri." Mtoto anayejifunza kusubiri ua amejifunza jambo litakalomfaa siku atakapokuwa mume au mke.

Mkiwa mezani wasimulieni habari za kweli. Vanila inayotiwa ndani ya keki na aiskrimu hutokana na okidi. Katika kisiwa cha Réunion, upande wa mashariki wa Madagaska, mimea hiyo ilikuwa imepandwa ikakua, lakini haikuzaa kama ilivyotakiwa, kwa kuwa wadudu wa kwao Mexico hawakuwepo. Mwaka 1841 mtoto wa miaka 12 aliyeitwa Edmond, aliyezaliwa utumwani, aligundua namna ya kulirutubisha ua kwa kijiti chembamba na kidole gumba. Alikuwa amelelewa akimfuata bwana mmoja mwenye bustani, akimtazama anavyoshughulika na mimea. Utumwa ulipokomeshwa kisiwani mwaka 1848 alipewa jina la Albius. Njia yake ndiyo inayotumika mpaka leo mashambani mwa vanila, Madagaska na hata Uganda, ingawa yeye mwenyewe alikufa maskini mwaka 1880. Watoto wataona mambo mawili hapo: kwamba mtoto anayemfuata mtu mzima bustanini huona mengi, na kwamba si kila mwenye kufanya wema hulipwa.

Wasimulieni pia habari za Charles Darwin wa Uingereza. Mwaka 1862 alipelekewa okidi nyeupe ya Madagaska yenye mkia wa karibu sentimita 30. Akasema lazima yupo nondo mwenye ulimi wa kufika mwisho wa mkia huo. Wako waliomcheka. Darwin akafa mwaka 1882 bila kumwona. Mwaka 1903 nondo wa Madagaska mwenye ulimi kama huo akaandikwa na wataalamu. Mmoja hunena, mwingine huona. Mmoja hupanda, mwingine hunusa. Ndivyo vizazi vinavyoshikana mikono.

7. Siku ya ua la kwanza

Tunazo siku za kuwakumbuka wazee wetu. Tarehe 2 Novemba tunawaombea marehemu wote. Tangu mwaka 2021 ipo pia Jumapili ya nne ya Julai, aliyoiweka Papa Fransisko iwe siku ya mababu, manyanya na wazee, karibu na sikukuu ya Watakatifu Yoakimu na Anna. Pelekeni ua kaburini siku hizo. Lakini kwa mjukuu wa mtunza okidi ipo siku nyingine isiyo kwenye kalenda, na mwenzi wa ndoa anapaswa kuitazamia.

Okidi haina habari kwamba mwenyewe amefariki. Majira yake yakifika itachanua. Yaweza kuwa baada ya miezi miwili, yaweza kuwa baada ya mwaka. Asubuhi moja kikonyo kitatokea kati ya majani, kisha vitumba, kisha ua. Siku hiyo kilio kinaweza kurudi kikiwa kipya, hata kama kila mtu alidhani kimekwisha. Wewe ambaye hukufiwa, usishangae. Usiseme, "Si ungefurahi?" Vuta kiti uketi karibu. Na kama wewe ndiwe uliyeziita takataka, kaombe radhi kabla ya siku hiyo kufika. Kisha tafuta misumari na fito ujenge kibanda kidogo kando ya ukuta. Muungwana ni vitendo.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mzee amekwenda, lakini kazi ya mikono yake inaweza kuendelea kwenye baraza lako, ikitunzwa na watu wawili ambao mmoja wao hakumjua vizuri, ila anampenda aliyemjua.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Kati ya wazee wako waliofariki, ni nani ambaye mwenzio hajakusikia ukimweleza vya kutosha? Leo jioni mweleze habari moja tu.

2. Mwenzio alipofiwa mara ya mwisho, ulimwambia nini? Mwulize kama neno hilo lilimsaidia au lilimwumiza.

3. Kila mmoja ataje shauku yake moja. Je, muda wake, pesa zake na mlango wake vikoje?

4. Kama nyanya au babu yenu mmoja yu hai, ni maswali gani matatu mnayotaka kumwuliza kabla ya mwisho wa mwaka? Pangeni tarehe ya safari.

5. Ni kitu gani mnachokipanda sasa, ninyi wawili, ambacho huenda wakakivuna wajukuu?